Kiingereza cha Maziwa

Kiingereza cha Ombati kilikuja kwa posta. Kilifika kila mwisho wa mwezi ndani ya bahasha ya kaki, kikapokelewa kwa mikono miwili, na kwa miaka miwili mizima hakuna binadamu aliyekisikia.

Huyu Ombati alikuwa nyapara wa wachumaji katika Kambi Namba Saba, kwenye shamba moja la chai karibu na Kericho. Kwao ni Kisii. Alikuja akiwa kijana, kwa miguu kupitia Sotik, na mkungu wa ndizi begani wa kumpa nyapara wa siku hizo ili apate kazi. Ndizi ziliiva njiani, akazila zote, akafika mikono mitupu, ikabidi aajiriwe kwa nguvu zake mwenyewe. Waliochuma naye wanasema mikono yake ilikwenda kasi hata mchai ukimwona anakuja unainama wenyewe. Wanasema pia kwamba mvua ya mawe ilipoanza siku moja, alimaliza mstari wake kabla jiwe la kwanza halijagusa chini. Hilo la mawe aliapie aliyekuwepo.

Miaka kumi na mitano baadaye alikuwa na koti la mvua la kampuni, buti za mpira, mke aitwaye Nyamoita, binti aitwaye Kemuma, na kifua. Kifua ndicho kilichotangulia kila mahali. Mwenyewe alifuata nyuma.

Kiswahili alikijua kwa sababu kambi nzima ilikizungumza. Lakini Kikipsigis, lugha ya wenye nchi, waliomzunguka pande zote nne, hakuwahi kukijua hata salamu. Alisema hakuvuka Sotik kuja kujifunza lugha ya watu wa maziwa. Lugha ya kujifunza, alisema, ni ile inayovuka bahari.

Basi Uhuru ulipokuja na Wazungu wakaanza kufunga masanduku, Ombati aliona tangazo kwenye kipande cha gazeti kilichofungia nyama. Chuo fulani huko Nairobi kilikuwa kinafundisha Kiingereza kwa barua. Nyama ililiwa, gazeti likabaki, na mwezi uliofuata bahasha ya kwanza ikafika.

Sasa kulikuwa na shida ya ukuta. Chumba cha Ombati kilitenganishwa na cha jirani kwa ukuta mwembamba hivi kwamba ukijikuna huku, anayewashwa kule anapata nafuu. Na jirani huyo alikuwa Phelix, karani wa mizani, kijana aliyesoma mpaka darasa la nane, mwenye kalamu mbili mfukoni, na Kiingereza kilichomtoka kama maji ya mfereji. Ombati angekubali kuumwa na nyoka kuliko Phelix amsikie akikosea. Kwa hiyo alijifunza midomo imefungwa. Aliketi jioni na taa yake, akayameza masomo kimya kama dawa ya minyoo, akajibu maswali kwa kalamu, akarudisha bahasha. Kiingereza kilimjaa kichwani mpaka kofia ikagoma kuingia, ikabidi Nyamoita aipasue kwa nyuma na kushona kiraka.

Mwaka wa sitini na sita cheti kikaja. Kilikuwa na mhuri mwekundu na jina lake kamili. Alikitia kioo na fremu akakitundika ukutani. Fremu ilikuwa kubwa kuliko dirisha, na watu wakaingia zamu kwa zamu kutazama, wakatoka wakisema kweli mhuri ni mhuri.

Mwezi uleule akafika meneja mpya. Alitoka kwenye mashamba ya chai ya huko Ceylon, hakujua neno moja la Kiswahili, na alikuwa akitazama saa yake hata akipiga chafya. Watu wakamwita Bwana Saa. Bwana Saa akatangaza, Phelix akitafsiri, kwamba msimamizi wa Kizungu anaondoka na nafasi yake itashikwa na Mwafrika. Mtu huyo atachaguliwa baada ya miezi mitatu. Atakuwa akimpa meneja ripoti ya majani kila siku, kwa Kiingereza, kwa mdomo, maana Bwana Saa hana wakati wa kusoma karatasi.

Nafasi hiyo ilikuwa na nyumba. Ilikuwa juu ya kilima, ya mawe, yenye bati, bomba la moshi, na choo ambacho mtu hapangi foleni. Kambi nzima iliijua nyumba ile kwa macho. Nyamoita aliijua mpaka idadi ya madirisha, kwa sababu alikuwa akiyahesabu kila akienda kuni.

Alimngoja mumewe avue buti, akamwekea ugali, akaketi mbele yake.

"Baba Kemuma, hebu niambie kitu kimoja kwa Kiingereza. Chochote."

Ombati akaweka tonge chini. Akafungua mdomo. Maneno yote ya posta yalikuwa mle ndani, yamejipanga kama wachumaji asubuhi, kila moja na kikapu chake, na hakuna hata moja lililotaka kutangulia. Akafunga mdomo.

"Nimechoka," akasema kwa Kiswahili.

"Hata kuchoka kuna Kiingereza chake," akasema Nyamoita, akaondoa sahani.

Asubuhi iliyofuata, bila kumuuliza mtu, alikwenda kuzungumza na Chepkemboi.

Chepkemboi alikuwa nyanya wa Kikipsigis aliyeuza maziwa kambini. Watu walimwita Kogo, kama wajukuu zake walivyomwita. Hakuwahi kuingia darasani hata kukwepa mvua. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Londiani, alikokwenda kununua ndama, akarudi kesho yake akilaumu baridi. Na bado alikuwa na lugha tano. Kikipsigis alizaliwa nacho. Kikisii, Kijaluo na Kiswahili alivipata kambini. Kiingereza alikipata kwa mama mmoja Mzungu, mjane, aliyefuga mbwa na maua ya waridi lakini hakufuga ng'ombe. Walianza kubishana juu ya kipimo cha maziwa mwaka wa nzige, wakabishana kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili, na mjane alipopanda gari kurudi kwao walilia wote wawili kwa sababu ubishi haukuwa umekwisha. Inasemekana ng'ombe mwenyewe alifika mahali akitukanwa kwa Kiingereza anageuza shingo.

Kogo alikuwa na sheria moja tu. Kwenye kila mlango alisema lugha ya mwenye mlango, na hakusema nyingine. Akikosea, wamcheke, wamsahihishe, alirudia walivyosema, akapima maziwa, akaenda. Kesho alirudi na lile neno la jana na jipya moja mgongoni mwake. Sasa Nyamoita alimwomba aigeuze sheria: mlango wa Ombati uwe mlango wa Kizungu.

Kogo aliuliza kama Baba Kemuma amekubali. Nyamoita akasema hajui bado. Kogo akasema hiyo ndiyo namna nzuri.

Mfereji wa kambi ulikuwa mbele kabisa ya mlango wa Ombati. Saa kumi na mbili asubuhi watu thelathini walikuwa hapo na ndoo zao. Kogo akaja na kibuyu chake, akasimama mlangoni, akauliza kwa Kiingereza Bwana Ombati anataka maziwa kiasi gani leo. Ombati akamtazama. Akatazama foleni ya ndoo. Mwisho wa foleni alikuwepo Phelix na mswaki mdomoni. Ombati akainua kidole kimoja.

"Kidole hakinywi maziwa," Kogo akasema. Hiyo ilikuwa kwa Kiswahili, ili na watu wa ndoo wapate faida. Akafunga kibuyu, akaenda zake.

Siku hiyo Ombati alikunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Kesho yake alikunywa strungi. Alikunywa chai kavu siku kumi na moja katikati ya nchi ambayo mtoto mchanga akilia anaonjeshwa chai ya maziwa. Nyamoita naye alikuwa ametoka mlangoni siku ya pili, akasema kitu ambacho hakikuwa Kiingereza wala lugha nyingine yoyote iliyowahi kusemwa, watu wakacheka mpaka ndoo zikamwagika, akacheka nao, Kogo akalisema neno lilivyo, Nyamoita akalirudia, akapewa kikombe chake. Alikinywa taratibu mbele ya mumewe. Alipuliza ule utando wa juu kwa makusudi.

Siku ya kumi na mbili Ombati alitoka na daftari. Alikuwa ameandika sentensi nzuri ya maneno kumi na tisa yenye ombi, shukrani na samahani. Kogo kuona daftari tu, akageuka. Ombati akamkimbilia mpaka kwenye mfereji, buti mguu mmoja, na hapo mbele ya ndoo zote likamtoka neno moja tu, maziwa, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

Kogo akasimama.

"Rudia. Wa nyuma hawajasikia."

Wa nyuma alikuwa Phelix. Ombati akarudia. Phelix akacheka na mswaki ukamponyoka, na Ombati akangoja kufa. Alingoja kidogo, hakufa. Akapewa maziwa yake, akarudi ndani, akanywa chai, na Nyamoita akatazama paa tu.

Kutoka hapo kila asubuhi ilikuwa na kiasi chake. Kogo hakuongeza zaidi ya neno moja kwa siku. Leo kiasi, kesho bei, keshokutwa kuchelewa. Ya jana yalirudiwa yote kabla ya la leo. Ombati akikosea, hakumwambia amekosea. Aliuliza tena swali lilelile polepole, mpaka mwenyewe aone alipoangukia. Ombati alidhani hayo ni mambo ya watoto. Mtu mwenye cheti, kila siku maziwa, kiasi, bei, umechelewa. Lakini midomo ilikuwa imeanza kufunguka, na asubuhi nyingine alijikuta akitembea kati ya mistari ya michai akiiuliza michai kwa Kiingereza mbona imechelewa.

Baada ya mwezi mmoja na nusu, Kogo aliona mwanafunzi amekwama kwenye adabu. Anajibu tu. Anaulizwa, anajibu, anashukuru, anaingia ndani. Kwa hiyo alfajiri moja alipita kijitoni na kibuyu.

Ombati aliyamimina maziwa akaona ni mepesi kama machozi. Akanusa. Akaonja. Nyamoita anasema alimwona shingo ikivimba. Alitoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza Kiingereza chake hakikungoja kupangwa. Akamwambia Kogo maziwa haya yana maji. Kogo akasema hapana, ng'ombe amelala kwenye mvua. Ombati akamwambia aache uongo. Kogo akasema jana hukulalamika. Ombati akasema jana pia yalikuwa na maji, na juzi umechelewa, na kibuyu chako kinanuka moshi kupita kiasi, na kesho usipokuja mapema nitanunua kwa mwingine. Alisema yote hayo bila kupumua, kidole hewani, watu wa mfereji wakaacha ndoo zifurike.

Kogo alimrudishia hela yake akaondoka ameinamisha kichwa. Nyamoita alimkuta nyuma ya nyumba amejishika ukuta, mabega yanatikisika, akadhani analia.

"Maziwa safi hayafundishi mtu," Kogo akasema, akipangusa macho ya kucheka. "Kesho nitaongeza kibaba."

Akaongeza. Aliongeza maji siku moja, siku nyingine akachelewa, siku nyingine akaleta yaliyoganda akaapa ni ya asubuhi hiyo. Aliyetaka burudani Kambi Namba Saba hakuwa na haja ya redio. Watu wa Kambi Namba Tano walikuwa wakija na ndoo zao, ingawa walikuwa na mfereji wao. Ombati alikonda, lakini kifua kilirudi. Cheti kilibaki ukutani, na hakuna aliyekitazama isipokuwa mjusi.

Miezi mitatu ikaisha. Siku ilikuwa Jumamosi, kwenye banda la mizani, saa tisa, mvua ya mchana imetoka kupita. Bwana Saa alisimama karibu na rundo la majani yaliyoletwa kutoka mistari ya bondeni. Waliokuwa wakitaka nafasi walikuwa wawili, Phelix na Ombati. Wachumaji walikuwa wamejazana nje na vikapu vyao migongoni. Nyamoita alikuwa mbele.

Alianza Phelix. Bwana Saa akamuuliza anaonaje majani haya. Phelix akasema ni majani mazuri sana, bwana. Akasema kazi inakwenda vizuri, watu wana furaha, na hali ya hewa ni nzuri pia. Kilikuwa Kiingereza kitamu, hata asiyekijua alitamani kukitafuna. Bwana Saa alitazama saa.

Kisha akamgeukia Ombati akamuuliza lilelile.

Ombati akafungua mdomo. Yale ya posta yakaja yote, mbio, yakakwama mlangoni kama siku ile ya ugali. Alikuwa ameandaa kuanza na heshima, kisha shukrani. Matone yalikuwa yakianguka kutoka kwenye paa, na mtu akakohoa, na Phelix akaanza kukagua kalamu zake. Nyamoita aliiona nyumba ya kilimani ikififia dirisha moja baada ya jingine.

Bwana Saa, kwa kuona huruma au kwa kuona saa, akachota majani konzi moja akamwonyesha, akasema ni mazuri, siyo? Na kati ya vidole vyake maji yakachuruzika.

Ombati aliyaona maji yale. Shingo ikavimba.

Akamwambia Bwana Saa kwamba maziwa haya yana maji. Alisema maziwa, wala hakurudi kusahihisha, alikwisha kushika kasi. Jana pia yalikuwa na maji. Unanipimia maji unataka nilipe. Umekuja umechelewa, jua limeyapika. Weka mkono ndani, yana joto, yanaanza kunuka. Na umeyashindilia ili yaonekane mengi. Usinidanganye, nakujua siku nyingi. Kidole chake kilikuwa hewani, karibu na pua ya Mzungu kuliko kidole chochote kilivyowahi kufika katika shamba lile. Akamaliza kama alivyozoea kumaliza:

"Kesho usipokuja mapema, nitanunua kwa mwingine."

Wachumaji hawakujua Kiingereza, lakini asubuhi zote zile walikuwa wamezijua. Mmoja alijing'ata mkono.

Bwana Saa hakutazama saa. Aliingiza mkono katikati ya rundo mpaka kiwiko, akaukuta moto. Kiwandani walikuwa wamelalamika wiki tatu kwamba majani ya Namba Saba yanafika yameungua, na hakuna aliyekuwa amethubutu kumweleza sababu. Aliowauliza, kila mmoja alisema mazuri, bwana. Yeye naye alimwelewa Ombati kwa namna yake. Alisikia mtu anayemtishia kwamba majani yasiposimamiwa vizuri atahamia kampuni nyingine. Akamwomba asihame. Akampa mkono uleule wenye majani.

Ndivyo Ombati alivyopata nyumba ya bomba la moshi. Na tangu siku hiyo mpaka anastaafu alizungumza na kila Mzungu kama mtu aliyemwekea maji kwenye maziwa. Wazungu wakimwona anakuja waliangalia mikono yao.

Lakini kifua, ukikilisha, huota pembe. Kilimani, cheti kilitundikwa sebuleni mkabala na mlango. Wageni walipouliza Kiingereza kikali hivyo amekitoa wapi, Ombati aliwaonyesha mhuri mwekundu. Alisema ni kwa posta. Alisema siri ni kusoma kwa utulivu. Kuhusu mfereji na kibuyu hakusema kitu, na Phelix aliposema, akahamishiwa mizani ya mbali.

Habari zikamfikia Kogo. Alingoja siku ya kubarikiwa nyumba, wazee wa kanisa walipokuja na kofia zao, na wakwe kutoka Kisii, na Nyamoita amepanga vikombe ishirini na vinne. Maziwa ndiyo yaliyokuwa yanangojwa. Kogo akapanda kilima na vibuyu viwili, akasimama mlangoni, akasema salamu ya Kikipsigis: "Chamgei."

Ombati akamjibu kwa Kiingereza. Kogo akamtazama kama mtu anayesikia ndege. Ombati akajaribu Kiswahili, akajaribu Kikisii. Kogo akaangalia mawingu. Nyamoita akaja haraka, akamsalimu Kogo kwa Kikipsigis vizuri kabisa, maana yeye na Kogo walikuwa wamebadilishana lugha kando miezi yote ile. Kogo akamjibu kwa upendo, wakaulizana habari za ng'ombe, kisha akamwambia kwa Kikisii, ili wakwe wasikie:

"Wewe mwanangu umeshalipa. Huyu bado hajalipa. Na ameishi mlangoni kwetu, nchi ya watu, zaidi ya miaka kumi na mitano bila hata salamu yao."

Nyamoita akamtazama mumewe, akarudi jikoni, akaketi juu ya gunia la viazi akacheka mpaka leso ikalowa.

Wazee wa kanisa walibariki nyumba kwa strungi. Walikunywa chini ya cheti, vikombe ishirini na vinne vyeusi, na mkwe mmoja akauliza kwa upole kama kilimani hakuna ng'ombe.

Kesho yake asubuhi, saa kumi na mbili, Ombati alisikia kelele ya ndoo. Alifungua mlango. Kambi Namba Saba yote ilikuwa imepanda kilima na ndoo tupu, na Namba Tano nyuma yao, na Phelix nyuma kabisa, na mswaki wake. Mbele ya wote alisimama Kogo na kibuyu.

Ombati alitazama nyuma yake. Nyamoita alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, kikombe chake tayari mkononi, kina utando.

"Chamgei," akasema Ombati, sauti ndogo ya mtu anayeungama.

Kogo akatega sikio.

"Rudia," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."